Mshono Uliolala Juu

Nyundo moja tu, na bawaba ikaanguka sakafuni,
na mshono wangu mzima
ukabanduka kama gaga la kidonda kilichopona.
Nikauokota kwa koleo. Ulikuwa mzuri.
Mikunjo yake midogo imelaliana
kama sarafu alizozipanga mwenye duka.
Nikaugeuza.
Chini laini, tumbo la samaki;
na pale kwenye chuma, mikwaruzo ya grainda
imebaki vilevile nilivyoiacha asubuhi,
hakuna hata mmoja ulioyeyuka.

Basi haukuwa mshono.
Ulikuwa uji uliomwagika ukakauka.

Nikakaa juu ya ndoo, uani, Kariobangi Kusini,
nikaanza kuihoji mashine, hii ndogo nyekundu
niliyoinunua kwa zamu yangu ya chama.
Ni mwendo wa waya? Nikaupunguza;
ulikuwa ukitoka kwa pupa, ukinisukuma mkono nyuma.
Ni nguzo za stima? Nikafungua kifuniko:
waya huu wenye unga tumboni, usiotaka gesi,
hutaka hasi upande wa bunduki,
na mimi nimeufungia chanya tangu Januari.
Nikabadilisha. Nikacheka peke yangu, cheko la aibu.
Ni kibanio? Kilikuwa kimeuma rangi, si chuma.
Nikakwangua mpaka pakang'aa.

Nikachomelea kipande kingine, nikakibana kwenye jiliwa, nikapiga.
Kikapinda kidogo, kisha tak.
Afadhali.
Lakini afadhali haibebi mtu.

Nikampigia Wambulwa, fundi wa Light.
Hakuuliza mashine ni ya aina gani.
Aliuliza, "Huko kwenu saa hizi watu wanafanya nini?"
Saa moja jioni, ghorofa nne:
wanapiga pasi sare za shule,
wanachemsha maji ya kuoga kwa koili.
"Na ekstensheni yako?"
Mita ishirini, nyembamba kama kamba ya kiatu,
imejiviringa kwenye gurudumu lake.
Nikaigusa. Ilikuwa na joto la paka aliyelala.

Kumbe moto wangu ulikuwa ukiliwa njiani,
kama mshahara wa mtu mwenye ndugu wengi.

Nikasubiri hadi saa nane usiku, pasi zote zimepoa.
Nikabeba mashine mpaka kwenye mita,
waya mnene wa kuazima, umenyooshwa wote.
Hata sauti ikabadilika. Jioni ilitema, pu, pu;
sasa ilikuwa nyama kwenye mafuta ya kutosha.
Nikaenda polepole, nikitazama si mwanga
bali kidimbwi, kile kidimbwi chekundu
kinavyoramba kingo zote mbili.
Nyundo. Nyundo tena.
Chuma kikajikunja kama mkeka, mshono ukabaki.
Na upande wa nyuma, mstari wa buluu:
joto limeingia, limepita, limetoka.

Ningelala hapo.
Lakini ghorofa ya tatu, mlango wa kumi na nne,
kuna reli ya veranda niliyoichomelea mwezi wa tatu
kwa mashine hii hii, jioni kama ile.
Walinisifu. "Syokau, mkono wako kama cherehani."
Baraza, miaka minne, huegemea pale
kumtazama mamake akianika nguo chini.

Saa kumi na mbili na robo
niko mlangoni pa Truphosa, nyundo mkononi.
"Mbona mapema hivi?"
"Nimekuja kuivunja reli yako."
"Ina nini? Mbona nzuri!"

Ndiyo, nikamwambia. Ni nzuri.
Mshike mtoto.