Neno la Pili

Mama akinitambulisha kwa wageni
husema, "Huyu anafanya kazi ya maji,"
kisha humimina kahawa.
Neno la pili hulimeza pamoja na kashata.

Ya majitaka, mama.
Saa nne za usiku, juu ya hori,
nimeshika reki mbele ya chujio la vyuma
na mji unanijia bila nguo:
maji ya mchele wa Chaani, povu la dobi wa Changamwe,
hina iliyooshwa viganjani mwa bi harusi,
mafuta yaliyochoka kukaanga bajia Mikindani,
na yale ambayo hakuna atakayekiri kuwa ni yake.
Juzi nilivuta kandambili ya mguu wa kushoto,
nepi kumi na nne,
na wigi. Nilipiga ukelele, nikidhani ni mtu.

Shangazi Mwanamize, anipaye mkono kwa ncha za vidole,
alinipigia simu saa saba usiku.
Kipini chake cha dhahabu kimetumbukia chooni.
"Wewe si uko huko huko?"

Huko huko. Nilichekecha mchanga siku tatu,
sikukiona.

Nilichokiona ni hiki:
maji yakishautua mchanga wake
huingia mifereji ya mviringo, brashi kubwa zikayapiga hewa,
na humo mna umati usio na majina.
Kwa darubini ya Mwachiro wa maabara
wanazunguka kama watoto siku ya Idi,
wanakula tulichokikataa.
Mshahara hawadai. Wanadai hewa.

Basi stima ilipopotea, katikati ya Ramadhani,
jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza,
Mwachiro hakutukana mtu. Alitazama saa.
"Tuna saa mbili," akasema. "Tatu tukibahatika.
Zikipita, wataanza kufa,
na mto tutaupelekea mavi."
Alilitamka wazi, neno ambalo mama
hangelimeza hata kwa sahani nzima ya kashata.

Nikaukumbuka Mwache
unaoteremka kutoka vilima vya Kwale,
umepita mihogo na mbuzi na madaraja,
umefika horini kwenye mikoko, karibu uonje chumvi,
nao haujui
kwamba kati yake na sisi pana brashi, umati,
na fundi Tsuma aliyelala chali chini ya jenereta
na tochi mdomoni.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakupangiwa zamu ya usiku.

Jenereta iliwaka saa kumi kasoro.
Tulikula daku tumesimama, mkate na ndizi,
mikono ikinuka dizeli, na tukaona raha ya ile harufu.

Alfajiri nikachota chupa moja kwenye mdomo wa bomba,
nikaiinua dhidi ya taa.
Si ya kunywa, simdanganyi mtu.
Lakini nilimwona Mwachiro upande wa pili,
miwani yake, ndevu,
hata kifungo kilichokatika kwenye koti.
Chini, penye maji mapya, mkizi akaruka
kwa hasira zake za siku zote.
Hapakuwa na mvuvi wa kumfurahia.
Nilifurahi mimi.

Nyumbani nilioga mara mbili.
Maji yakazunguka miguuni, yakashuka shimoni,
yakanitangulia kazini.