Kulabu Mbili

Alitoka hotelini saa mbili kasoro,
kofia ya jua, raba nyeupe za mtu asiyelijua tope la Kibuye,
akaizunguka tuktuk yangu kama anayetambulishwa kwa shemeji.
"Hii imetoka kwetu," akasema, akaipiga ubavuni kofi la mapenzi.
Nikamwambia, basi mama, panda, umefika kwako.

Jina Hansaben. Miaka sabini na mmoja. Rajkot.
Kiswahili chake amekirithi, hakukisoma:
fagio, sufuria, kisu, machungwa, kuku,
maneno ya jikoni, yaliyovuka bahari mdomoni mwa bibi yake
na huko yakakaa miaka yote bila vitenzi.
Mengine tuliyajaza kwa Kiingereza changu cha darasa la nane
na mikono.

Mimi nina orodha ya wageni, naijua kama Baba Yetu:
swala wa kando ya ziwa, kiboko akiwa na hisani,
ngege mzima na ugali, picha, rudi.
Nikamsomea. Akatikisa kichwa huku na huku.
Nikazima injini, nikaudhika dakika nzima
kabla sijaelewa kwamba kwao kule
huko ndiko kukubali.

Lakini kwanza mjini, akasema. Mjini kwanza.

Jumamosi, mwisho wa mwezi.
Mikokoteni ya sukari, wenye boda wamepanda hadi kizingitini,
spika mbili zinagombana, moja na Yesu, moja na mikopo ya simu.
Nilidhani umati utamtisha.
Alikunja pazia la plastiki, akatoa kichwa, akavuta pumzi:
"Hapajajaa bado,"
kama mtu anayeonja mchuzi na kuulizia chumvi.

Kisha: "Juu. Tazama juu."

Miaka kumi na mitatu naizunguka barabara hii
na macho yangu yameishia kwenye vibao:
Dawa. Kinyozi. Wakala wa Pesa. Rangi na Misumari.
Juu ya vibao kulikuwa na mji mwingine.
Mwaka 1931 kwa saruji, umepakwa kijani cha kampuni ya simu.
Ua la yungiyungi. Tausi asiye na kichwa,
na kwenye shingo yake kunguru amejenga kwa waya.

Hakuwa na picha wala namba ya nyumba.
Alikuwa na bembea tu: ya mbao, barazani, ghorofani,
bibi akimenya njegere, akisukuma sakafu kwa kidole gumba.
Tukazunguka mara tatu. Askari wa kaunti akaanza kuninusa.
Mara ya nne akanishika bega.

Ngazi zilinuka mafuta ya taa.
Barazani Nabwire anauza makoti ya mitumba,
na ufito wa makoti unaning'inia kwa kamba mbili,
na kamba zimefungwa kwenye kulabu mbili za chuma, darini,
nene, za zamani, zilizowekwa kubeba mtu.

Hansaben akayapenya makoti, akavua raba, akavua soksi.
Chini, kwenye saruji, palikuwa na kishimo
kama kijiko.
Akaweka kidole gumba.

Mimi nilijua: gunia la viazi likiburutwa kila asubuhi
huchimba kishimo kama kile.
Nabwire pia alijua, tulitazamana.
Hakuna aliyesema.

Alinunua koti la sufi, Kisumu, na jua lile.
Mia tano. Nikapigana hadi mia tatu,
akamlipa Nabwire mia tano.

Saa kumi nikamwuliza, na ziwa?
"Kesho," akajibu, bila lafudhi yoyote.
Neno hilo nalo lilikuwa la bibi:
ndilo alilowapa wadai.

Nikirudi Manyatta nilikuwa bado natazama juu,
paa za mabati, nyaya, suruali ya mtu imesahauliwa kambani,
hadi mwenye baiskeli akaruka pembeni
akanitukania ukoo mzima, mpaka kwa babu wa babu,
ambaye hata mimi
sijui alilala nyumba gani.