Hakishiki Kutu

Muuzaji wa Mtaa wa Rufiji
kaligonga friji kwa pete, ngo ngo,
kama abishaye hodi kwa jirani tajiri.
"Chuma cha pua hiki, mama. Hakishiki kutu
mpaka wajukuu zako waote mvi."

Pua ninayo na mimi, nimekuja nayo.
Inanusa kangani sangara wa alfajiri,
mkaa wa jana, sabuni ya kipande.
Pua kwa pua tukatazamana:
yake inang'aa, yangu inatoka jasho.

Nikajiona humo. Mdomo umehamia begani,
shingo imevutika,
na pochi imekuwa kubwa kuliko ilivyo.
Hapo nikajua kioo hiki kimesomea biashara.

Jiko la plati nne, birika, maikrowevu,
vyote vimevaa sare kama kwaya siku ya mavuno.
Nikatoa sumaku mkobani,
ile ya spika ya redio iliyokufa,
maana Milembe wa Igoma aliniambia:
ikinasa, umepigwa.
Ikanasa kidogo, ikateleza,
kama mgeni anayekubali chakula kwa adabu tu.
"Hata kizuri hunasa, mama. Inategemea."
Sikumwamini. Sikumkatalia.

Milioni mbili na laki tatu.
Nikaigeuza bei kuwa dagaa, ndivyo ninavyohesabu,
visado, ndoo, magunia,
mpaka duka zima likanuka mwalo wa Kirumba.
Fedha si yangu, ni ya Kabula, yuko Geita:
"Mama, achana na hilo kopo la bluu."

Kopo la bluu lilikuwa jeupe.
Kutu ilianzia miguuni, ikapanda kama maji ya mvua,
na Bugingo, fundi mitumbwi, mume wangu,
akalipaka rangi iliyobaki kwenye ngalawa ya mtu.
"Imekauka?" akajiuliza,
akaijaribu kwa dole gumba.
Haikuwa imekauka.
Dole liko pale mpaka leo, pembeni mwa kitasa,
mistari yote, na kile kikovu cha randa,
kama alivyotia sahihi maisha yake yote:
hati ya ndoa, ya kiwanja, ya mkopo wa injini.
Mwaka wa sita huu sina karatasi yake nyingine.

"Kasoro yake ni moja," kasema muuzaji,
"alama za vidole. Lakini si neno, zinafutika."
Akachukua kitambaa laini,
akapangusa mahali nilipokuwa nimeshika.
Mara moja tu.
Sikuwepo tena.

Nikauliza, hakishiki kutu, sawa,
kinashika nini?
Akacheka. Akanipa soda.

Nikavuta uzi kwenye pindo la kanga,
nikaupima ubavu wa friji, nikapiga fundo.
Maana kwangu ni Bugarika, juu,
vidato mia na kumi na viwili katikati ya mawe,
na kile cha sabini na kitu
jiwe limekaa njiani na bega lake nje.
Majeneza tumeyapitisha pale kiubavuubavu.
Wapagazi wanalijua, wanalitukana kwa Kisukuma,
halafu wanaongeza bei.

Njia nzima nilikuwa nikiliombea lile jiwe.
Kaza bega, nilisema. Ulikuwepo kabla ya mji.
Usinisukumie mimi neno hili.

Nikafika na uzi wangu. Nikaunyoosha,
jiwe hadi jiwe.

Inapita.
Inapita na vidole viwili vinabaki.

Nikakaa pale kwenye kidato, mgongo kwenye jiwe,
lina joto la mchana kama ubavu wa ng'ombe.
Chini kivuko cha Kamanga kinavuka,
mabati ya Igogo yanapofusha macho,
mapya yanawaka, ya zamani yana rangi ya chai.
Simu ikalia. "Mama, vipi? Tumenunua?"
Uzi bado uko kidoleni, nimeuzungusha
kwenye dole gumba, fundo juu ya kucha.

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia.
"Jiwe bado linafikiri."