Bidhaa Namba 900

Mwezi wa tatu nilipanda ngazi mia na kumi na mbili
hadi duka la Edelmira Quilodrán, kilimani Valparaíso,
kishikwambi kwapani, mkataba mfukoni.
Kampuni ya jumla ilikwisha kusema:
asiye na mfumo haletewi mzigo.

Akanitengea nafasi kati ya mizani na paka.
Gusa hapa, mkate. Gusa hapa, sabuni.
Kila kitu na namba yake, kila namba na bei,
na bei ikilipwa, kengele inalia.

"Na hili?"
Akavuta chini ya kaunta daftari
lililovimba kwa unyevu na miaka.
Nibaldo mchomeleaji, mafuta nusu lita.
Mjane wa ghorofa ya juu, mitungi miwili ya gesi.
Mwalimu wa muziki, mayai sita. Tena mayai sita.
Majina mengine yamekatwa kwa wino,
mengine kwa msalaba mdogo:
hao walikufa, na deni lao likafa nao.

Nikasema mfumo hauna mahali pa hayo.
Kukopa harusi, kulipa matanga, nikaongeza,
mimi niliyefuzu mafunzo ya siku mbili.

Hakubishana. Alifuta miwani kwa aproni,
akauliza jambo moja tu:
bidhaa mpya huongezwaje?
Nikamfundisha. Jina. Namba. Bei. Idadi iliyopo.

Desemba niko Santiago, ghorofa ya tisa, nasoma ripoti.
Duka lake: maziwa yameuzwa, mkate umeuzwa,
lakini juu kabisa, ukiupita hata mkate,
kuna kitu kisicho na kiwanda wala tarehe ya kuharibika,
bei yake sifuri, kimechukuliwa mara elfu mbili na kumi na tatu.
Jina la bidhaa: KESHO.
Na kwenye safu ya maelezo,
Nibaldo, mafuta nusu lita.
Mwalimu, mayai sita.

Mashine haikucheka.
Ilipiga hesabu kama ilivyoundwa,
ikapima kasi ya mauzo, ikatazama rafu,
ikaandika kwa wekundu:
Kesho inakaribia kwisha. Niagize nyingine?

Msimamizi alikuwa nyuma yangu, kikombe mkononi.
Nikabonyeza Ndiyo.

Ikauliza: ngapi?