Mfanyakazi Hewa

Mama alikuwa karani wa mishahara, halmashauri ya Korogwe.
Miaka kumi na tisa aliwasaka wafanyakazi hewa:
walimu waliokufa na bado wanasaini,
mlinzi wa zahanati ambayo haikujengwa.
Kalamu nyekundu, rula, mstari.
Asiyekuwepo asile.

Nami hapa Dundee, ghorofa ya tatu,
mto Tay dirishani una rangi ya sufuria iliyokwanguliwa,
nimeirithi kalamu yake bila kujua.

Kisanduku chenyewe kinaenea kiganjani.
Kitafungwa kwenye nguzo ya kuchajia magari,
hakina feni, hakina tundu; mvua ya huku haibishi hodi.
Ndani mna kibao cha saketi, chipu moja yenye hasira,
na juu yake mwanya, mpaka kwenye kifuniko.
Nilipochora modeli niliandika shaba, nikaandika plastiki,
alumini ya kifuniko, hata gundi niliipa jina.
Mwanya nikauacha. Hiyo, nilisema, ni hewa tu.
Kompyuta ikakesha, alfajiri ikatapika jibu:
nyuzi mia na kumi na mbili.
Chipu imekufa kabla haijazaliwa.

Elspeth Geddes hakubishana. Yeye hupima.
Ana waya mwembamba kama unywele wa mtoto;
aliupachika ubavuni mwa chipu, akafunga kifuniko,
akaenda kunywa chai, akarudi, akasoma:
themanini na nane.
Akapima tena. Themanini na nane.
"Basi kuna mtu humo ndani anabeba mzigo," alisema,
"na wewe hukumwandika."

Nyuzi ishirini na nne.
Nani kazibeba?

Pale nilipoacha patupu, kompyuta,
tiifu kama askari mgeni, ilisimamisha ukuta:
joto likifika hapo ligeuke, lirudi lilikotoka.
Kumbe hapakuwa patupu.
Milimita nne hazimtoshi hewa kujigeuza.
Hawezi kupanda, hawezi kuzunguka kama moshi wa jikoni;
anasimama alipo na kupokezana joto mkono kwa mkono,
mstari wa watu wachovu wakipitishiana ndoo,
polepole, lakini ndoo inafika.
Basi mwandike kama kitu kigumu,
kigumu kinyonge kuliko vyote.
Pembeni, kwenye uwazi wa vidole vitatu,
huko hewa ana miguu: anapanda, anapoa, anashuka.
Huko ni hesabu nyingine, na mkesha mwingine.

Jumapili nilimpigia Mama.
"Kazi gani hiyo ya mpaka usiku?"
"Nahesabu hewa, Mama."
Kimya. Kisha kile kicheko cha karani mstaafu:
"Mimi nimestaafu nikiwafuta,
wewe wanakulipa pauni uwaandike?"
Nikamweleza: wa kwako alilipwa na hayupo.
Wangu yupo kila siku, na hajalipwa hata senti.

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.
"Hata kwetu walikuwepo," akasema.
"Yule mama aliyekuwa akifagia soko kabla ya adhana.
Jina lake halikuwahi kuingia daftarini kwangu.
Nilidhani soko linajisafisha."

Jumatatu nilifungua jedwali,
chini ya shaba, chini ya gundi, nikaongeza mstari:
Hewa. Kupitisha joto: sufuri nukta sufuri mbili sita.
Kidogo. Lakini kimo.
Jibu likatoka tisini.
"Bado mbili," alisema Elspeth, akikaza skrubu.

Dirisha la chumba changu ni la vioo viwili.
Usiku huu nje kuna sakitu, magari yamevaa weupe,
na katikati ya vioo, upana wa kidole,
yuko mtu wa zamu, hana kiti,
ananizuilia baridi kwa unyonge uleule.

Nilisahau kumuuliza Mama
yule mfagiaji aliitwa nani.