Kauli

Chini ya maktaba ya Wexford Mills, Ohayo,
wapelelezi wa Washington walipanga viti mviringo,
kisha wakavipanga upya, mistari,
maana watu hawakutaka kutazamana.
Mimi niliitwa kutafsiri. Kazi ya saa nne, kahawa bure.

Bi Nsimire alikuja na koti la mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki.
Hakulitoa. Alilipakata tu,
kama mtu anayesubiri zamu kliniki.

Bi Whitlock akanisukumia karatasi ya polisi:
msomee, tujue kama anaikubali.
Nikasoma. Taa ya nyuma iliungua. Akonkwa akasimamishwa.
Akaamriwa. Akasitasita.
"Katika purukushani hiyo, mkono ulivunjika."

"Rudia."
Nikarudia.
"Ulivunjika? Mkono ni kikombe?
Uliteleza wenyewe mezani?
Wewe umesoma, mwanangu. Sema ulivunjwa."

Nikamkumbuka Mwalimu Kibwana, Tanga, darasa la sita,
aliyetupiga rula vidoleni tulipochanganya:
kutendeka, jambo limetokea, hakuna wa kuulizwa;
kutendwa, nyuma yake kuna "na",
na nyuma ya "na" kuna mtu.

"Anasemaje?" akauliza Bi Whitlock, kalamu juu.
Nikakitafuta kile kiambishi katika Kiingereza chote nilichonacho.
"Anasema," nikajibu, "kuna jina limerukwa."
Akaandika. Akapigia mstari.

Miezi kumi na tisa.
Ripoti ikatoka, kurasa mia na nne.
Gazeti lilichukua takwimu,
mkuu wa polisi alichukua kipaza sauti,
mimi nikaenda ukurasa wa sitini na moja.
Nikampigia kiwandani, mashine za kuku zikinguruma nyuma yake.
"Wameandika: ulivunjwa na askari wawili."
"Majina?"
"Hayapo, mama. Namba tu."
"Haya. Namba nazo zina wenyewe."

Mwezi wa tatu jaji alikuwa atie saini:
kamera vifuani, mafunzo mapya, msimamizi wa kutoka nje,
miaka mitano ya kuchunguliwa.
Nilisikia koti limefuliwa.
Akonkwa akarudi kwenye usukani,
mkono wa kushoto ukiijua theluji
siku moja kabla ya redio.

Kisha barua, nusu ukurasa.
Nikapiga namba ya Bi Whitlock; ikapokewa na mashine,
sauti ya mtu mwingine.
Nikaenda kwa Nsimire kwa miguu,
nikipanga maneno, nikiyapangua,
hadi mlangoni nilikuwa nimechagua lililo laini.

"Ile kesi, mama," nikasema, "imefutika."

Alikuwa akimenya viazi. Kisu hakikusimama.
"Mwanangu," akasema,
"rudia."