Kikadi Juu ya Birika

Liivi alikuwa amechoka kupendekeza.
Mwaka mzima aliandika vikadi, "Soma hiki,"
akavichomeka rafuni kimoja kimoja;
Haapsalu yote ikapita, ikaazima vitabu vya mapishi.

Meneja alijaribu keki. Akajaribu cheti chenye fremu.
"Cheti hakisomi," alisema Liivi, "wala hakirudi kuuliza."

Februari, dereva wa gari la kuondoa theluji
akarudisha riwaya ya mfuga nyuki,
kurasa zikinuka dizeli,
na nyuma ya kikadi, kwa penseli:
"Niliegesha saa mbili nzima nikiisoma.
Barabara ilinisubiri. Kuna nyingine?"

Meneja hakusema neno.
Alikibandika ukutani, juu ya birika la chai.

Kesho yake Liivi kafika kabla ya funguo,
anapiga miguu kizani,
kalamu mfukoni.